Kilichobaki Kikombeni

Mimi ni mtu mwoga. Nasema mapema, asije mtu akadhani hapa kuna shujaa. Naogopa mbwa, naogopa sindano, naogopa radi. Na miaka ile ya tisini, nikiwa fundi wa mbao pale Laini Saba, Kibera, kandokando ya reli, niliogopa kikombe cha kanisa mpaka Jumapili za sakramenti nilikuwa naamka tumbo likiniendesha.

Kanisa letu la Kianglikana lilikuwa la mabati, tawi dogo chini ya parokia ambayo kanisa lake kubwa lilikuwa Kawangware. Kasisi alikuwa mmoja na makanisa yalikuwa manne. Kwetu alifika Jumapili mbili kwa mwezi, juu ya pikipiki iliyokohoa kuliko waumini, akatuhudumia mkate na divai, kisha akavua kanzu mbio mbio kuwahi ibada ya pili Kawangware. Jumapili nyingine tulijiendesha wenyewe. Treni ikipita tulinyamaza wote, hata msomaji akiwa katikati ya mstari, tukangoja mabati yaache kutetemeka ndipo tuendelee.

Mimi nilikuwa msomaji. Nilisoma neno, niliongoza sala, na kwa kuwa kasisi alikuwa na haraka, akaniombea kibali cha kushika kikombe. Yeye angegawa mkate, mimi ningefuata nyuma na divai. Nilijivuna, sitadanganya. Kijana wa juzi aliyekuja mjini na msumeno wa kuazima, leo nasimama mbele nimevaa kanzu nyeupe, wazee wananipigia magoti kwenye ubao nilioutengeneza kwa mikono yangu.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja. Divai ikishaombewa hairudi chupani, na haimwagwi. Ile inayobaki baada ya watu wote kunywa, mwenye kushika kikombe anaimaliza, anatia maji, anasuuza, na yale maji pia anayanywa. Kasisi aliponieleza hayo, mzee wa kanisa alicheka mpaka akashika ukuta. "Kijana, wewe umepewa leseni ya kulewa asubuhi," akasema. Nami nikacheka. Wakati huo kulikuwa na cha kuchekesha.

Sasa niseme juu ya shangazi yangu, dada ya baba. Yeye ndiye alinitoa kwetu Magharibi akanileta Kibera. Nilikaa chumbani mwake miaka minne, tukala sahani moja, na mara nyingi yeye alikula kidogo akasema ameshiba, na mimi mjinga nikamwamini. Alikuwa anauza mboga kando ya reli. Alikata sukuma nyembamba kama nyuzi bila kuangalia kisu, huku akibishana na wateja. Kanisani, yeye ndiye alikuwa anafua vitambaa vya meza takatifu na kuvipiga pasi ya makaa, na hakuna doa hata moja lililomshinda.

Mumewe, aliyekuwa mlinzi, tulimzika nyumbani. Walisema ni kifua. Kibera ya siku hizo, kifua kilikuwa jina la heshima. Mwaka haujaisha, shangazi naye akaanza kukonda. Mabega yakatokeza, leso ikawa inamzunguka mara mbili, kikohozi kikamshika, halafu vikatoka vidonda pembeni mwa midomo. Vijana wa steji ya matatu wakasema amekanyaga waya, yaani amepata UKIMWI. Wamama wa kanisa hawakusema hivyo. Wao walisema, "Mficha maradhi kilio humfichua," kisha wakaangalia upande mwingine kana kwamba wanazungumzia mvua.

Mpaka leo sijui kwa hakika alikuwa na nini. Hakwenda kupimwa, au alikwenda akanyamaza. Lakini watu walikuwa wameshahukumu. Kwanza wakaacha kununua sukuma aliyokata. Walitaka nzima, eti watakata wenyewe. Baadaye hata nzima wakaacha. Kisha mama mmoja wa kanisa akamwendea kwa sauti tamu sana, akamwambia, "Mama, umechoka, wacha sisi tufue vitambaa kwa sasa." Shangazi akawakabidhi vitambaa vimekunjwa vizuri. Hakuuliza mpaka lini.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa hapo hapo, nikitoa macho. Nilimpelekea unga, nilimtengenezea kitanda kilichovunjika mguu, na kila nilipotoka kwake nilikuwa nanawa mikono kwenye mfereji wa maji wa kwanza niliouona. Redio ilikuwa inasema ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe wala sahani wala kusalimiana. Niliisikia redio. Niliiamini kwa kichwa. Tumbo langu halikuwa na redio.

Woga wa watu ulianza kuonekana kwenye foleni ya sakramenti. Ubao wa kupigia magoti ulichukua watu kumi na wawili, kwa hivyo tulikwenda kwa zamu, na kila zamu tuliita meza: meza ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano au ya sita. Tangu zamani hakuna aliyependa meza ya kwanza. Watu walisukumana kwa adabu, "tangulia wewe," "la, wewe ndiye mkubwa," mpaka mzee wa kanisa akawakazia macho. Ghafla meza ya kwanza ikawa na wateja. Watu waliinuka kabla wimbo haujafika ubeti wa pili. Jumapili moja walijibana ishirini pale pa kumi na wawili, ubao ukalia, msumari ukang'oka, na Jumatatu nikaja na nyundo kuurudishia.

Hesabu ilikuwa rahisi kwao. Shangazi alikuwa anakaa benchi la katikati, na alitembea polepole, kwa hivyo aliangukia meza ya tatu. Ukinywa kabla yake, uko salama. Waliochelewa wakabaki na njia moja: walipokea mkate, na nilipowafikia na kikombe walikunja mikono kifuani wakainamisha kichwa, ishara kwamba nipite. Hata mzee wa kanisa, aliyecheka juu ya leseni, alikunja mikono.

Sasa sikiliza mahali mtego uliponibana. Kabla ya kuombea divai, wenye kushiriki walikuwa wanasimama, mzee wa kanisa anawahesabu, anamwonyesha kasisi kwa vidole, na kasisi anamimina kulingana na idadi. Watu walisimama wote, maana kubaki umekaa ni kujitangaza una dhambi kubwa. Wakahesabiwa, divai ikamiminwa ya watu sitini. Halafu thelathini wakanipita. Kwa hiyo kadiri wao walivyoogopa, ndivyo kikombe kilivyobaki kimejaa, na mtu wa kukimaliza ni mmoja. Kasisi hunywa wa kwanza kabisa. Wa mwisho ni mimi.

Mara ya kwanza nilikinywa. Nyuma ya pazia, kwenye kile chumba kidogo cha kuvalia, nilikishika kwa mikono miwili na kuangalia ndani. Kulikuwa na zaidi ya nusu. Juu kulikuwa na punje za mkate zinaelea, kutoka midomoni mwa watu. Nilifumba macho, nikanywa kama anayekunywa dawa ya minyoo, nikatia maji, nikasuuza, nikayanywa pia. Nje, pikipiki ya kasisi ilikuwa inawashwa. Nikatoka mbio.

"Baba, nina swali," nikamwambia. "Hii inayobaki... siku hizi inabaki nyingi."

Alijua. Niliona machoni kwamba anajua. Alivaa kofia yake ya chuma akasema, "Bwana hawezi kukuua kwa damu yake, mwanangu," akaondoka kwenda Kawangware. Nilibaki hapo na moshi.

Nyumbani mke wangu alikuwa ananingoja mlangoni. Tulikuwa na mtoto wetu wa kwanza, msichana wa miezi mitano, na mimi kila Jumapili jambo la kwanza nikifika ni kumnyanyua. Siku hiyo mke wangu alimhamishia bega la pili.

"Umekunywa?" akauliza.

"Nimekunywa. Ni kazi yangu."

"Basi enda usukutue mdomo na chumvi. Na huyu usimbusu, usimtafunie kitu."

Nilikasirika. Nilimwambia shangazi ndiye aliyemtafutia hata chumba hiki tulichosimama. Hakupandisha sauti. "Nampenda shangazi yako," akasema. "Lakini huyu sikumzaa nimpeleke kaburini Lang'ata." Nilikwenda nikasukutua na chumvi mpaka ufizi ukauma, kisha nikachukua kipande cha kioo nikatoa ulimi nje mlangoni kwenye mwanga, nikaukagua. Wiki nzima ile niliukagua. Nikikohoa kwa vumbi la mbao, moyo ulikuwa unasimama. Nikitoka jasho kwa kuranda, nilijiambia ndiyo hiyo, imeanza. Nilikuwa na nguvu za ng'ombe na nilishajizika mara saba.

Jumapili ya sakramenti iliyofuata nilikwenda kanisani na chupa. Ilikuwa chupa tupu ya vanishi, nimeisafisha, nimeiweka kwenye mfuko wa koti chini ya kanzu. Hivyo ndivyo nilivyoongoza sala ya toba, na chupa inanigonga pajani. Ibada ikaenda, meza ya kwanza ikajaa pomoni, shangazi akaja meza ya tatu, akanywa kidogo akifumba jicho kwa uchungu wa vidonda, na meza zilizofuata wakakunja mikono mmoja baada ya mwingine. Nilirudi nyuma ya pazia na kikombe kimebaki tena zaidi ya nusu. Nikamimina yote kwenye chupa. Matone mawili yakaanguka kwenye kanzu.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na kiwanja kidogo kati ya ukuta wetu na mtaro. Sikutaka kumimina mtaroni. Hata mwoga ana adabu yake. Nilichimba kwa kisigino chini ya ukuta, nikainama, nikamimina, nikafunika na udongo. Nilikuwa naogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, ugonjwa na Mungu, na sijui lipi lilikuwa kubwa. Nilipoinuka nikasikia kikohozi.

Shangazi alikuwa kwenye pembe ya ukuta. Alikuwa amezoea kutoka nje kukohoa ili asisumbue watu ndani. Alikuwa ameshika leso mdomoni, anaangalia chupa mkononi mwangu, anaangalia udongo. Nilitaka ardhi inimeze.

"Umemwaga nini hapo, baba?" akauliza. Aliniita baba tangu nikiwa mtoto, kwa jina la kaka yake.

"Maji machafu tu, Shangazi. Ya kusuuza."

"Aa," akasema, akarudi ndani.

Siku nne nilijidanganya kwamba hakuelewa. Siku ya tano akaja kwenye karakana yangu kando ya reli, mchana, akitembea anapumzika, anatembea anapumzika. Hakukaribia. Alikaa kwenye gogo nje, mbali na fundi mwenzangu, kama mtu aliyefundishwa umbali wa kukaa. Nilimletea chai kutoka kibandani. Nilimwambia mwenye kibanda atie kwenye kikombe cha plastiki, kile cha kutupa, na shangazi alikiona kile kikombe akakipokea kwa mikono miwili akashukuru.

Tuliongea juu ya mvua, juu ya mahindi ya nyumbani. Kisha akauliza, "Mtoto ameanza kukaa?"

"Ameanza, Shangazi. Akishikwa kidogo."

"Kila nikija mama yake ananiambia amelala. Siku moja nitamkuta ameamka."

Nilichukua randa nikaanza kulainisha ubao uliokuwa umeshalainishwa. Treni ikapita, tukangoja. Ilipokwisha akasema, taratibu tu, "Eti kasisi alikufundisha ile inabaki unafanya nayo nini?"

"Nakunywa," nikasema bila kuinua macho.

"Yote?"

"Yote."

"Na ukikataa?"

"Siwezi kukataa. Nikikataa watanivua kanzu. Na watasema kama hata mtoto wa kaka yake anaogopa, basi ni kweli."

Hiyo ya mwisho ilinitoka tu. Nilikuwa sijawahi kuisema hata moyoni. Shangazi alitikisa kichwa polepole, kama fundi anayepewa vipimo. Akamaliza chai, akakunja kile kikombe cha plastiki akakitia kwenye pindo la leso yake aondoke nacho, akasema, "Haya basi. Fanya kazi."

Jumapili ya tatu ya sakramenti nilikuja na chupa tena. Sifichi. Nilikuwa nimeshaonwa, nimeshaongopa mara mbili, na bado nilikuja na chupa.

Watu walisimama wakahesabiwa. Divai ikamiminwa. Meza ya kwanza wakakimbilia. Ya pili. Meza ya tatu ikaja na shangazi hakuinuka. Nilimwona kwenye benchi lake, ambalo sasa lilikuwa lake peke yake, mikono imelala mapajani, anaangalia mbele. Meza ya nne ikaja, ya tano. Watu walimtazama yeye, wakatazama kikombe, hawakujua wafanye hesabu gani. Wengi wakakunja mikono hata hivyo, maana mtu akishazoea kuogopa hahitaji sababu mpya. Mzee wa kanisa akaniashiria kwamba wamekwisha, nami nikageuka kurudi kwenye meza takatifu.

Ndipo akainuka. Alikuja katikati ya kanisa peke yake, huku kwaya imefikisha wimbo mwisho na hakuna aliyeanzisha mwingine. Alipiga magoti katikati ya ubao, nafasi tupu kushoto, nafasi tupu kulia. Kasisi alimpa mkate. Nikamfuata. Nilimshikia kikombe kama kawaida, mguu wa kikombe mkononi mwangu, nikamwinamishia midomoni, na nikasema maneno yanayosemwa.

Alikunywa kidogo. Nikataka kukiondoa. Akainua mikono akakishika, na mikono ile ilikuwa mifupa mitupu lakini ilishika. Kwetu mshiriki anagusa kikombe kukiongoza tu, hakichukui. Yeye alikichukua. Akakiinua, akanywa. Divai ile ilikuwa kali, na vidonda vyake vilikuwa wazi. Nilimwona akikunja uso, machozi yanashuka pembeni ya pua. Akapumzika, akavuta pumzi, akanywa tena. Ndani ya kanisa watu walianza kunong'ona. Mama mmoja akasema nusu sauti, "Anafanya nini huyu? Amelewa?" Kasisi alikuwa amesimama na sahani ya mkate mkononi, anaangalia tu. Shangazi akapumzika mara ya pili, akakohoa kwenye kiwiko chake akigeuza uso mbali nami, akarudi akanywa. Mara ya tatu alikiinamisha mpaka nikaona chini yake, ule mguu wa fedha ukiangalia mabati.

Ningeweza kumzuia. Ningeweza kusema, Shangazi, niachie, ni zamu yangu. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, mafupi kabisa. Nilisimama tu.

Alifuta ukingo kwa leso yake mwenyewe, akafuta vizuri kama alivyokuwa akifua vile vitambaa, akanirudishia. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo ni mimi tu niliisikia, "Hakuna kitu imebaki, baba. Enda ushike mtoto."

Niliangalia ndani ya kikombe. Kilikuwa kikavu. Na kitu cha kwanza kilichonijia, kabla ya aibu, kabla ya huruma, kabla ya kumbukumbu ya ile sahani tuliyokula pamoja miaka minne, kilikuwa furaha. Nilifurahi. Nikashusha pumzi ndefu iliyosikika. Mungu anisamehe. Nilipoinua macho, yeye alikuwa bado amepiga magoti mbele yangu, ananiangalia usoni, na alikuwa ameshaona.